Mwanamke wa Kwenye Mkanda

Songea nzima, kuanzia Majengo mpaka miguuni pa milima ya Matogoro, hakuna anayeyajua mapenzi kama mimi ninayekusimulia. Niulize chochote. Ni kweli nimeolewa mara moja tu, tena mume nilitafutiwa, na mara ya kwanza kunishika mkono alikuwa ananivusha mtaro. Lakini niulize.

Basi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi imekaza, manyunyu yanadondoka taratibu kama mtu anayepepeta unga. Esteria alikuwa jikoni kwao Bombambili anasonga ugali, mkono uko kwenye mwiko na moyo uko Majengo kwa Ignas. Mama yake, Ludovika, ameketi kwenye kigoda anachambua dagaa wa Nyasa, kichwa kimoja baada ya kingine, kama hakimu asiye na haraka.

"Mama, kesho baada ya misa Mzee Polikarp anakuja," Esteria alisema.

"Aje. Nyumba hii haina geti."

"Anakuja kuchukua jibu la posa."

"Najua. Mshenga haji kuchukua kuku."

"Sasa utamjibu nini?"

"Nitamjibu kwa mdomo."

"Mama!"

"Ulitaka nimjibu kwa miguu?" Ludovika alitupa kichwa cha dagaa, paka akakidaka. "Songa ugali huo, unafanya mabonge."

Esteria akasonga. Alikuwa msichana mrefu, mwenye macho makubwa yanayotazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya, na umri wake ulikuwa umefika pale ambapo akinamama wa jumuiya hawakuulizi tena hujambo, wanakuuliza lini. Baba yake alishafariki. Kilichobaki cha kukubali au kukataa kilikuwa mdomo huu mmoja, na mdomo huu ulikuwa unachambua dagaa.

"Mama, Ignas ana kosa gani? Anasali. Ulanzi hanywi. Kwao Mpitimbi ni watu wa jembe, hawana ugomvi na mtu."

"Sijasema kwao wana kosa. Kazi yake ndiyo yenye kosa."

"Anatengeneza simu."

"Simu ni geresha. Kazi iliyomo moyoni ni ile nyingine." Ludovika aliacha dagaa sasa, na Esteria akajua hadithi inakuja, kwa maana alikuwa ameshaisikia tangu yuko mgongoni. "Mpiga picha wa harusi yangu alikuwa na kamera ya mkanda, namna hiyohiyo ya huyo bwana wako. Akatupanga mimi na baba yako, Mungu amrehemu, mbele ya kanisa. 'Cheka, mama.' Nikacheka. 'Geuka huku.' Nikageuka. Nikacheka mpaka mashavu yakaniuma. Tulipomfuata kuchukua picha, akasema nini?"

"Zimeungua."

"Zimeungua! Kwani zilikuwa maandazi? Harusi yangu yote, baba yako na suti ya kuazima, shela yangu, vyote vimeungua, na yeye mwenyewe hata kidole hakikuungua! Toka siku hiyo sijacheka mbele ya kamera ya mtu."

Na ilikuwa kweli. Nyumba ile ilijaa picha ukutani, za ubatizo, za komunio, za mashemeji na watoto wa mashemeji, lakini ya Ludovika ilikuwa moja tu, ya kwenye kitambulisho, na humo amenuna utadhani amekanyaga mwiba wakati taa inawaka.

"Lakini mimi pia napiga picha, mama. Hukunikataza."

"Yako ni ya dijitali. Unampiga mtu, unamwonyesha, mnaagana. Haki imetendeka. Huyo wako anampiga mtu, anafunga, halafu anaondoka naye kwenda kumfanyia mambo gizani. Gizani, Esteria! Nimpe binti yangu mwanamume anayefanyia kazi gizani?"

Esteria alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kupakua ugali.

*

Sasa nikupe habari za Ignas, usije ukamhukumu kijana wa watu kwa maneno ya mama mkwe.

Walikutana Mpitimbi, siku ya kipaimara. Esteria alikuwa ameitwa na wazazi wa watoto, na alipiga picha siku hiyo jinsi alivyozoea kupiga kwenye harusi na ubatizo wa mjini, kama mtu anayepukuchua mahindi: prrr, prrr, prrr, mpaka kadi ijae. Akirudi nyumbani anakaa kitandani anafuta mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Watu walimsifu. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau lini mara ya mwisho alipiga picha akafurahi. Zilikuwa picha, basi, kama vile ugali ni ugali.

Pale getini pa kanisa alisimama kijana mmoja mwembamba, shingoni ana kamera ya chuma yenye mkanda wa ngozi, kitu cha zamani za akina babu. Askofu akapita, watu wakakimbilia. Yule kijana hakukimbia. Kwaya ikapita inacheza. Hakuinua hata mkono. Halafu bibi kizee mmoja akainama kumfunga mjukuu wake kamba za viatu, mjukuu akamwekea bibi mkono kichwani ili asianguke, ikawa kama mtoto ndiye anayembariki bibi. Hapo ndipo yule kijana akainua kamera. *Kche.* Mara moja. Akaishusha, akatabasamu peke yake kama aliyeonja asali.

Esteria akamsogelea. Hakuweza kujizuia.

"Umepiga ngapi leo, kaka?"

"Moja."

"Siku nzima?"

"Siku bado haijaisha, dada."

"Hebu nione."

Ignas akageuza kamera yake, akamwonyesha mgongo wa kamera. Hakukuwa na kioo. Ngozi tupu. "Imo humo ndani," akasema. "Imelala. Ukipiga kelele itaamka vibaya."

Esteria alicheka mpaka kwaya ikageuka. Lakini alipomaliza kucheka akagundua bado anamtazama, na yeye anamtazama, na hakuna aliyekuwa na sababu ya maana ya kuendelea kutazama.

Wakabadilishana kamera. Hivyo tu, kama watoto wanavyobadilishana ngoma. Esteria alichukua ile ya chuma, Ignas akachukua ya dijitali. Na jioni ya siku ya kwanza, Esteria, aliyezoea kujiona hapohapo, alishindwa na hamu. Akafungua mgongo wa kamera barazani, mwanga ukiwaka, achungulie picha zake zimekaaje.

Wewe unayejua kamera za mkanda umeshashika kichwa. Usiyejua nitakwambia: mkanda ukiona mwanga kabla ya kusafishwa, umekwisha. Picha zote zimeungua.

Alikwenda Majengo kesho yake amevimba macho. Ignas alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengenezea simu, nati ndogo kaibana mdomoni. Akaitoa.

"Humo ndani kulikuwa na nini?" akauliza kwa upole.

"Kulikuwa na mama mmoja anauza mihogo. Na wingu juu ya Matogoro, limekaa kama kilemba. Na... na wewe. Nilikupiga ulipokuwa unaondoka."

Ignas akafikiri. "Mimi nipo hapa. Wingu litarudi, hili la Matogoro halina kwao kwingine. Mama wa mihogo tutamfuata sasa hivi, na mihogo tutakula."

Hapo, msomaji wangu, ndipo msichana alipokwisha. Hakukemewa. Hakuambiwa yeye ni mjinga. Aliambiwa tutamfuata.

Toka hapo kila kitu kikageuka. Kwa kamera ya chuma Esteria alijifunza kusimama na kubana pumzi, kumtazama mtu mpaka mtu aache kujipanga na awe mwenyewe. Aliona vitu ambavyo miaka yote alikuwa anavipita: mikono ya fundi cherehani, mvuke wa chai ukipita mbele ya uso wa mzee, baiskeli iliyolazwa chini kama ng'ombe aliyeshiba. Na Ignas naye, aliyezoea kutumia picha kwa kubania, alipopewa ya dijitali alichanganyikiwa kwa furaha. Akapiga kuku. Akapiga matone ya mvua kwenye waya. Alfajiri moja alikuja Bombambili anahema: "Esteria, nimepiga umande! Nimekosea mara mia, na hakuna kilichoharibika!"

Kwenye misa, padri akisema sasa tumshukuru Mungu kila mtu kimoyomoyo, wenzake Esteria walishukuru kwa afya na kwa mvua. Yeye alikuwa anashukuru kwa mwanga wa dirishani ulivyoangukia bega la bibi wa mbele yake. Akamaliza hilo, akashukuru kwa Ignas, na padri alikuwa ameshaendelea mbele na ibada zamani.

*

Basi turudi Jumamosi ile. Vyombo vilipokauka Esteria alijitanda kanga, akapanda bodaboda mpaka Majengo. Nyuma ya kibanda cha Ignas kulikuwa na kijichumba kilichowahi kuwa stoo ya mahindi. Dirisha lilizibwa kwa nailoni nyeusi na magunia, mlango una blanketi zito kwa ndani, na juu inaning'inia taa nyekundu. Majirani waliapa kwamba anafuga vifaranga.

Ignas alikuwa na ahadi naye siku hiyo: angemfundisha kusafisha picha kwa mikono yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mkanda ulikuwa tayari, ameshausafisha katikati ya juma, umening'inia kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Ulikuwa mchanganyiko, nusu alipiga Esteria, nusu alipiga yeye, maana siku hizi ile kamera ya chuma walikuwa wanapokezana.

"Mama amesemaje?" Ignas aliuliza kabla hata ya kumpokea kanga.

"Amesema atamjibu Mzee Polikarp kwa mdomo."

Ignas akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Esteria, akikataa je?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu mimi siwezi kukutorosha. Nakupenda, lakini siwezi kukutoa kwenye ile nyumba kama mwizi wa mbuzi. Mama yako amekulea peke yake. Nikipewa mkono, nataka nipewe na yeye."

Akamwangalia wakati anasema hayo, na macho yake hayakukwepa. Esteria akashika ukingo wa meza. Ungekuwa wewe ungeshika nini?

"Tuanze kazi," akasema, maana alijua akisema jingine atalia.

Akauchukua mkanda, akauinua mbele ya balbu. Picha ndogo, moja kama ukucha, na zote kinyume: kilichokuwa cheupe ni cheusi, cheusi ni cheupe. Hapa baiskeli. Hapa mama wa mihogo, meno meusi kama mkaa. Hapa wingu, jeusi tii. Esteria alikuwa anacheka kidogokidogo, vidole vinashuka, vinashuka, mpaka vikasimama.

"Huyu nani?"

"Yupi?"

"Huyu mwanamke."

Ignas hakusogea kutazama. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Mtu asiye na neno husogea.

"Achana na hiyo," akasema. "Safisha ya baiskeli. Ile ni nzuri kwa kuanzia."

Esteria akaisogeza picha karibu na jicho. Mwanamke ameketi kwenye stuli ileile iliyokuwa humu chumbani. Kilemba kichwani, kitenge cha maua, shingo imelazwa upande, mkono shavuni. Sura yenyewe ilikuwa nyeupe kama unga, macho matundu, huwezi kumjua ni nani. Lakini anacheka. Hilo lilionekana hata kwenye ukucha. Anacheka kicheko cha mtu aliyekuwa anakitunza siku nyingi, na amekuja kukitolea hapa, kwenye stuli hii, mbele ya Ignas.

"Ignas. Ni nani?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Ignas akakuna kichwa. "Yeye."

Nakwambia manyunyu ya nje yalisimama kusikiliza.

"Kwa hiyo," Esteria alisema polepole, "kesho mshenga wako anakuja kwetu kwa ajili yangu. Na katikati ya juma hili ulikuwa umejifungia humu na mwanamke, amejiremba, anakuchekea hivi. Na mna siri."

"Si kama unavyodhani."

"Sijasema ninavyodhani! Mwenyewe ndiye unayejua ninavyodhani, kwa hiyo na wewe umedhani!"

"Esteria, niamini mpaka kesho."

"Kwa nini kesho? Kesho kuna nini? Ni mzuri?"

Ignas akaanza kujibu, akasita, na uso wake ukalainika kwa namna iliyomuumiza Esteria kuliko jibu. "Akicheka," akasema, "ni mzuri sana."

Esteria aliitungua kanga msumarini. Akairudisha. Akaitungua tena. Miezi yote hii alikuwa anamtetea mtu huyu kwa mama yake, jikoni, sokoni, njiani kwenda kanisani. Mama alikuwa anasema anafanya mambo gizani. Na sasa yeye amesimama gizani.

"Ama utaisafisha picha hii nimwone," akasema, "ama natoka hapa naenda kwa Mzee Polikarp kumwambia kesho apumzike, baridi ni kali."

Ignas alitazama mkanda. Alitazama mlango. Halafu, polepole, ukamjia uso wa mtu aliyeona upenyo ukutani.

"Niliambiwa nisiseme," akasema. "Kusafisha sikuambiwa nisisafishe. Njoo. Lakini utaisafisha wewe."

*

Hebu mfikirie msichana mwenye wivu, ambaye anataka kumtoa mwenzake macho, anafundishwa kazi ya taratibu kuliko zote duniani.

Ignas alizima balbu, akawasha nyekundu. Chumba kikawa kama tumbo la tikitimaji. Akamwonyesha kuingiza mkanda kwenye mashine ya kukuzia, ile yenye shingo ndefu kama korongo. Mwanamke akaangukia mezani, mkubwa sasa, lakini bado yuko kinyume, bado mzimu.

"Zungusha hapa mpaka kilemba kikate kama kisu. Polepole. Usishindane nacho."

"Sishindani."

"Umeuma ulimi."

Akauachia ulimi. Akazungusha. Ua moja la kitenge likajikusanya kutoka kwenye ukungu, likawa ua. Halafu nyuzi za kilemba. Esteria akasahau kidogo kukasirika. Akakumbuka, akakasirika tena, lakini mikono haikuwa imekasirika, mikono ilikuwa inafurahi kupita kiasi. Ignas alitoa karatasi kwenye bahasha nyeusi, akamwekea.

"Sasa mpe mwanga. Hesabu kimoyomoyo, kwa utulivu. Mwanga mwingi atakuwa mweusi, mwanga mdogo atakuwa hayupo."

Esteria akahesabu. Akaziba mwanga. Karatasi ilikuwa nyeupe vilevile, kama haijawahi kukutana na mtu.

"Hakuna kitu."

"Yumo. Akiingia kwenye dawa ataamka."

Walikuwa wamesimama bega kwa bega, na bega la Ignas lilikuwa la moto. Esteria akasogea pembeni kwa sababu bado alikuwa na hasira. Chumba kilikuwa kidogo, akagota ukuta, akarudi palepale. Basi, afanyeje?

Alipoinua tu karatasi aitie kwenye beseni la dawa, mlango ukagongwa. Si hodi ya watu. Ni ngumi.

"Esteria! Toka humo! Najua umo!"

Mama.

Ludovika hajawahi kufika Majengo kwa Ignas. Aliapa hatafika. Sasa amefika, siku moja kabla ya jibu, na amemkuta binti yake kafungiwa na mwanamume kwenye chumba chenye taa ya vifaranga.

"Fungua mlango! Mnafanya nini gizani? Nitauvunja, mnanijua!" Kitasa kikatingishika. Blanketi likacheza, uzi wa mwanga ukapenya pembeni.

"Mama, usifungue!" Ignas alipaza sauti, kifua kimeziba karatasi. "Tafadhali! Picha itaungua!"

Ngumi zikakoma.

Esteria alimjua mama yake vizuri. Mama yake hakuwa mtu wa kunyamaza katikati ya sentensi. Lakini nje pale kitasa kiliachiwa taratibu kabisa, kama mtu anayeweka yai.

"Picha gani?" sauti ikauliza, ya chini.

"Moja tu, mama. Subiri niifunike, halafu uingie."

"Nasubiri," Ludovika alisema. Akaongeza, kwa upole ambao Esteria aliusikia tu wakati mama yake akiongea na wagonjwa, "Ifunikeni vizuri."

Ignas akairudisha karatasi kwenye bahasha nyeusi, akafungua. Ludovika akaingia na baridi yake, kanga kichwani, matope kwenye viatu. Mlango ukafungwa, blanketi likashushwa.

"Shikamoo, mama," Ignas alisema.

"Marahaba, na sikuja kuamkiwa." Alikuwa ameshajirudi, ukali wote mahali pake. "Nimekuja kumchukua mwanangu. Bodaboda ndiye kanielekeza, maana mimi huku sikujui. Sijawahi kukanyaga hapa, na nikitoka leo sikanyagi tena. Giza gani hili? Mtu hata hajui pa kukaa."

Na huku anasema hivyo akapita pembeni ya meza, akakwepa kamba ya mikanda bila kuitazama, akakaa kwenye stuli.

Esteria hakuliona hilo. Moyo wake ulikuwa umefika mahali ambapo mtu haoni. Kama ni kukosa, ameshakosa vyote. Mama amekuja kukataa kwa miguu yake mwenyewe, na mwanamume anayekataliwa ana mwanamke mwingine kwenye mkanda. Angalau amwone. Angalau huyo mwanamke aliyemharibia amtazame usoni.

"Mama, kabla hatujaondoka," akasema kwa sauti iliyokauka, "njoo uone na wewe. Ulikuwa unasema kweli. Anawapiga watu picha kwa siri. Njoo tumwone huyu anayemchekea."

"Nani?" Ludovika alisema. Kisha, haraka, "Hapana. Haina haja. Twende nyumbani."

"Dakika moja."

"Twende, Esteria, ugali umebaki jikoni, paka..."

Esteria alikuwa ameshaitoa karatasi. Akailaza kwenye beseni kama Ignas alivyomwonyesha, akalitingisha kidogo, dawa ikapita juu yake na kurudi. Nyeupe. Nyeupe tupu. Ignas alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, sijui alikuwa anasali kwa mtakatifu somo wake.

Halafu macho yakatangulia.

Yalitokea yenyewe, mawili, yamefinywa kwa kicheko. Yakafuatiwa na kivuli cha shavu, na mikunjo midogo pembeni ya mdomo. Maua ya kitenge yakachanua moja baada ya jingine kutoka chini, kitenge cha Pasaka, kile kinachokaa sandukuni na vidonge vya kufukuzia mende. Halafu kilemba. Halafu meno, yote, na ule mwanya wa mbele, unaofanana kabisa na wa Esteria mwenyewe.

Esteria alishika beseni kwa mikono miwili. Alikuwa amemwona mama yake analima, analia, anasali, anagombana na muuza mkaa. Alikuwa hajawahi kumwona hivi. Msichana aliyesimama mbele ya kanisa na suti ya kuazima pembeni yake, anaambiwa cheka mama, geuka huku, alikuwa ndiye huyu, hakupotea, alikuwa amekaa tu ndani anangoja kusafishwa. Machozi yakamdondokea Esteria mkononi. "Asante," akasema. Hakujua anamshukuru nani, Mungu, au Ignas, au dawa, au huyo mwanamke wa kwenye maji. "Asante. Asanteni wote."

Ignas alifumbua jicho moja. "Alikuja Jumatano," akasema kwa sauti ya kuomba msamaha. "Aliniambia, nipige nione kama itaungua. Ikitoka, tutaongea. Ikiungua, usionekane Bombambili. Halafu akanikataza kusema, na mimi sijasema, mama. Umesikia mwenyewe. Sijasema."

Wote wawili wakageuka kwenye stuli.

Ludovika alikuwa amesimama. Alikuja mpaka mezani, akainama juu ya beseni, na picha ikamchekea. Alitazama muda mrefu. Chini ya ile taa nyekundu hungeweza kujua kama ni haya au ni furaha iliyompanda usoni. Akavuta kanga, akaiweka sawa kichwani, kichwa juu kama mtu anayeingia mahakamani.

"Huyo mama mimi simjui," akasema. "Lakini wewe, mkwe, mtoe majini, atashikwa na baridi."